Mtoto na mkarafuu: kumkataza kupanda kunatosha?

Kila msimu wa karafuu Pemba hurudi hoja ile ile: watoto wasipande juu ya mikarafuu kuchuma. Wanaoitoa wana sheria mkononi. Sheria ya Watoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18 na inamkinga na kazi za hatari. Wanaoipinga, wengi wao wazee wa mashamba, hujibu kwamba wao walianza kuchuma wadogo, na kwamba kupanda hujifunzwa utotoni kama kuogelea.

Upande wa kwanza una nguvu kuliko unavyosikilizwa. Mkarafuu si mwembe: tawi lake halipindi, hukatika. Karafuu nyingi ziko nchani, kwenye vitawi visivyomhimili mtu mzima, ndiyo maana hutumwa aliye mwepesi. Tena kazi yenyewe haingoji. Karafuu ni tumba la ua; likichanua, thamani imekwenda, hivyo watu hupanda hata kama mvua imenyesha na shina linateleza. Mtoto akianguka na kuumia kichwa au uti wa mgongo, huenda akalazimika kuvushwa bahari hadi hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na saa za mwanzo, zilizo muhimu mno, zikaishia njiani.

Lakini wa upande wa pili nao hawasemi ovyo. Kilo ya karafuu daraja la kwanza iliwahi kununuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kwa shilingi 14,000, na kwa nyumba nyingi hizo ndizo sare, daftari na deni la dukani. Mjane mwenye mikarafuu minne nyuma ya nyumba, akimlipa mchumaji kwa kila pishi (kipimo cha karafuu) aliyochuma, abakiwe na nini? Anayemwambia asimpandishe mwanawe ana wajibu wa kumjibu na hilo.

Mimi nasimama na wanaokataza. Ila naona pande zote mbili zinatazama juu ya mti tu, na chini yake hakuna anayetazama.

Msimu huhamisha nyumba nzima. Baba yuko juu, mama anachambua, bibi anaokota mpeta, yaani karafuu zilizoanguka chini, na mtoto wa miaka minane ameachiwa mdogo wake wa miaka miwili. Nyumbani kuna kisima kisicho na ukingo, na chungu kinachochemka juu ya mafiga, sawasawa na kimo cha mtoto anayejifunza kutembea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, karibu robo yao wakiwa chini ya miaka mitano. Miongoni mwa kinga linazopendekeza ni kuzuia njia ya kufikia maji na kuwaweka wadogo mahali penye mtu mzima wa kuwaangalia. Tukimshusha kijana mtini bila kupanga hayo, atakayepanda badala yake huenda akawa mama, na mdogo atabaki peke yake.

Kwa hiyo marufuku iende pamoja na mfuniko wa kila kisima, na watu wazima wawili kila kijiji watakaokaa na watoto, labda kwenye baraza ya chuo cha Qur'ani, tangu asubuhi hadi wachumaji warudi. Wasiombwe kujitolea, maana wao pia wana karafuu zao. Kila mwenye shamba awatolee pishi moja ya karafuu kwa wiki.