Kopo la Kalsiamu na Tezi Iliyochemka

Shangazi yangu wa Arua, Uganda, alikuwa anakula posho, yaani ugali, kuwashinda wajukuu, na bado anakonda. Moyo mbio, mikono inatetemeka hadi kikombe kinagonga sahani, shingoni karovu kadogo, yaani uvimbe wa tezi. Akateleza uani na jerikani ya maji, kifundo cha mkono kikavunjika. Duka la dawa likamuuzia kopo la kalsiamu. Daktari akasema tezi ya shingo imechemka, inatoa homoni kupita kiasi, na kopo asilimeze kwanza. Nyumba ikagawanyika.

Wa upande wa kopo wana hoja. Homoni ya tezi ya shingo ikizidi, chembe zinazobomoa mfupa huwaacha nyuma wajenzi. Mzunguko wa kubomoa na kujenga, ambao kwa kawaida ni siku kama 200, hufupika karibu nusu, na kila ukiisha mfupa unabaki na deni. Jambo hili si geni: Mjerumani von Recklinghausen alilieleza mwaka 1891. Basi anayepungukiwa si aongezewe?

Shida ni kwamba kalsiamu ikitoka mfupani huingia kwenye damu. Tezi nne ndogo zilizo nyuma ya ile kubwa, parathairoidi, zikiona damu inayo ya kutosha, hupunguza homoni yao. Hapo vitamini D haiamshwi vizuri, utumbo unafyonza kalsiamu kidogo, na figo zinaimwaga kwenye mkojo. Kumeza vidonge wakati huo ni kutia maji kwenye pakacha. Na kwa yule ambaye damu yake imeshazidi, kuna kiu, kufunga choo, hata mawe ya figo.

Mimi niko na daktari, ila si moja kwa moja. Katazo lake halikufafanuliwa, shangazi akaacha hata mukene, dagaa wetu! Mukene anayeliwa pamoja na mifupa yake, dodo (mchicha), maziwa: hicho ni chakula, na mwenye tezi kali anakihitaji kama sisi wengine. Tena wapo ambao kidonge ni chao hasa. Aliyekatwa tezi, kalsiamu ya damu yake inaweza kushuka ghafla, midomo na vidole vikafa ganzi. Huyo haambiwi angoje. Mwanamke aliyekoma hedhi naye huenda akaandikiwa, damu ikishapimwa. Na anayemeza levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, baada ya tezi yake kuzimwa aiachanishe na kalsiamu kwa saa nne, la sivyo dawa haifyonzwi vizuri.

Kinachotangulia ni kuipoza tezi yenyewe, mara nyingi kwa kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni hiyo, mwaka mmoja au mmoja na nusu. Mfupa hujirudi polepole, japo si lazima urudi wote. Lakini kabimazoli inataka kupima homoni, na kupima kunataka nauli, pesa ya maabara na siku nzima ya foleni. Kopo liko dukani jirani, wala halikuulizi kitu. Siwalaumu sana walioanzia huko.

Sasa kikombe cha shangazi kimetulia kwenye sahani yake. Kopo liko kabatini, limefika nusu. Jerikani bado anaibeba kwa mkono wa kushoto.