Mzee anayedai kaibiwa hati ya shamba

Wazee wa Kilifi wanapouawa kwa tuhuma za uchawi, sisi wa Malindi huwa na maelezo mawili tayari: ushirikina, au tamaa ya mashamba. Yote mawili ni kweli. Lipo la tatu lisilosemwa sana, kwamba baadhi yao huenda walikuwa wagonjwa wa ubongo, na dalili zao ndizo zilizosomwa kuwa uchawi. Anatoka usiku bila kujua aendako, anaongea na watu ambao hawapo, anamtukana jirani waliyezeeka pamoja.

Ndiyo maana kazi ya Zahinoor Ismail, daktari wa akili na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, inatuhusu. Mwaka 2016 yeye na wenzake walitoa vigezo vya kutambua mabadiliko ya tabia ya uzeeni. Mtu aliyefika miaka 50, tabia yake ikageuka na kubaki hivyo kwa miezi 6 au zaidi, achunguzwe, hata kama bado anakumbuka majina ya wajukuu wote. Wanatazama mambo matano: kupotewa na hamu ya mambo, huzuni na wasiwasi, hasira zisizozuilika, kukosa haya mbele za watu, na kuona au kuamini yasiyokuwapo. Hoja yenyewe ni kwamba kwa baadhi ya wagonjwa tabia huharibika kabla ya kumbukumbu.

Si hoja ngeni. Auguste Deter, yule mgonjwa aliyempa umaarufu Alois Alzheimer, daktari ambaye ugonjwa wa kusahau uliitwa kwa jina lake, aliingizwa hospitali ya Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Miongoni mwa dalili zake za mwanzo ulikuwa wivu mkali juu ya mumewe. Ugonjwa wake ukaja kujulikana kwa kusahau tu.

Wanaompinga Ismail wana neno. Si kila aliyebadilika tabia ataishia kwenye dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na akili kwa ugonjwa wa ubongo, na huku kwetu ukishaitwa kichaa hata ukipona utaitwa hivyo hivyo. Lakini pingamizi linaloniumiza kichwa ni jingine. Kudai kuibiwa ni miongoni mwa dhana potofu zinazoonekana sana kwa wagonjwa wa Alzheimer. Sasa mzee wa Magarini akisema mwanawe kachukua hati ya shamba, je, anaumwa au kaibiwa kweli? Dodoso la Ismail, orodha ya kupimia mabadiliko hayo ya tabia, lina maswali 34 na hakuna hata moja litakalokwenda ofisi ya ardhi kuuliza. Mara nyingi anayelijaza ni mtu wa nyumbani, pengine mwana huyo huyo. Sheria yetu ya Afya ya Akili nayo inairuhusu mahakama kumteua mtu wa kusimamia mali ya mgonjwa. Cheti cha daktari mkononi mwa mwana mwenye haraka ya kurithi si kitu cha kuchezea.

Hata hivyo, kunyamaza hakumlindi mzee huyo, maana kijiji hakisubiri daktari ndipo kimpe jina. Wanaokimbilia Kaya Godoma, kimbilio la wazee wanaotuhumiwa uchawi hapa Kilifi, kuokoa roho zao hawakuitwa wachawi na daktari wa akili.

Kisha kuna hesabu inayotajwa kila mara kuwatisha watu wasiwapeleke wazee kwa madaktari wa akili. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipitia majaribio 17 ya dawa mpya za kutuliza akili kwa wazee wenye dimenshia, ikatoa onyo. Katika majaribio ya kawaida ya wiki 10, waliopewa dawa walikufa kwa kiasi cha asilimia 4.5, na waliopewa vidonge visivyo na dawa asilimia 2.6. Mwaka 2008 onyo likafikia dawa za zamani pia, haloperidoli ikiwamo. Tofauti ya wazee karibu wawili katika kila mia, kwa muda usiofika miezi mitatu, si ndogo, na sitaki kuipunguza.

Ila tuulize ni nani hudhurika zaidi. Upo ugonjwa wa Lewy, aina mojawapo ya dimenshia, ambao mgonjwa huona watu au wanyama waziwazi, hupigana ndotoni, mwili huwa mzito. Huyu ukimdunga haloperidoli ili anyamaze anaweza kukakamaa, akapoteza fahamu, hata akafa. Utamjuaje? Kwa kumkalisha na kumuuliza anaona nini, tangu lini, na analalaje. Hayo ndiyo maswali ya daktari wa akili, na ndiyo yanayorukwa pale sindano inapotolewa kwa sababu mzee anapiga kelele wodini. Kwa hiyo hesabu ile naisoma kinyume na wanavyoisoma wao: inalaumu dawa iliyotangulia uchunguzi.

Ningekuwa mimi, dodoso lingejazwa na watu wawili, mmoja wao asiye na fungu katika shamba, na karatasi ya hospitali isingefika mahakamani kabla daktari wa pili hajamwona mzee mwenyewe, peke yake, bila wanawe. Na kabla ya kidonge chochote, apimwe mkojo, aangaliwe macho na masikio. Maambukizi peke yake yanaweza kumfanya mzee aone watu chumbani siku mbili tatu, na akitibiwa wakaondoka.