Kioo cha Gari Kikigoma Kupanda
Hivi ni nani aliyeamua kwamba uzito wa kioo cha mlango wa gari ubebwe na kipande cha plastiki kisichozidi kidole gumba? Mota ni nzima, fyuzi haijaungua, swichi inapeleka umeme wa volti 12 kama kawaida, lakini kishikizo hicho kikikatika, au waya wa chuma unaokivuta kioo ukichanuka nyuzi na kujisokota kwenye kapi lake, kioo kinatumbukia mlangoni na mvua inakaribia.

Ukiamua kutengeneza mwenyewe, ndipo kero inapoiva. Kwanza ubandue ubao wa ndani wa mlango: skrubu moja imefichwa nyuma ya mpini, nyingine chini ya kifuniko cha swichi, halafu kuna klipu za pembeni ambazo huvunjika hata ukizibembeleza. Nyuma ya ubao huo kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayong'ang'ania vidoleni (na usiitupe, maana ndiyo inayozuia maji yasiingie garini). Kisha unakuta mtambo wenyewe wa kupandisha kioo umepigwa ribiti badala ya kufungwa kwa nati! Nati nne zingemfilisi nani?

Dukani nako unaambiwa kishikizo hakiuzwi peke yake. Ununue mtambo mzima, pengine pamoja na mota isiyo na kosa lolote. Wenzangu, huu si uonevu? Aliyebuni mlango huo hakukosa kujua kwamba plastiki itachoka kabla ya chuma kinachoizunguka, na bado akaiweka mahali ambapo mkono wa mtu mzima haupiti bila kuchubuka.