Nakivubo ni mto, acheni kuuita mfereji

Juzi mvua imenyesha saa moja tu, saa moja!, na mimi niko juu ya kaunta kwenye duka la shemeji kule Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, miguu nimeikunja kama kuku anayeatamia, maji ya Nakivubo, huo mnaouita mfereji, yanaingia mlangoni na kavera (mifuko ya plastiki), kandambili moja ya mguu wa kushoto na mzoga wa panya. Katoni za sabuni za chini zote zimelowa. Halafu jirani ananiambia kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, siku hizi mvua imezidi."

Imezidi wapi? Haya, mvua zimebadilika, hilo sikatai. Lakini pale ni bondeni bwana! Maji ya Makerere, Nakasero, Old Kampala na Mengo yanateremkia hapohapo tangu hajazaliwa mtu wa kuuza sabuni. Maji yanapita njia yake, sisi ndio tumefungua duka katikati ya njia.

Mwezi uliopita nilimfuata mzee mmoja wa Kisenyi, Mnubi, askari mstaafu (ndiyo, Kiswahili chake kile cha kambini, na bado ni kitamu kuliko changu), tukaamua kuufuata huo "mfereji" kwa miguu. Tukaanzia bondeni chini ya Makerere, tukapita nyuma ya soko la Owino na stadium, ukuta huku ukuta huku, maji meusi katikati na kaloli, wale korongo wala mizoga, wamesimama kama wazee wa baraza wanangoja mtu afe. Kuna mahali unapotea kabisa chini ya zege, unabaki unafuata harufu tu. Mzee akasimama akagonga zege kwa fimbo. "Kijana, hapa tulikuwa tunashika kambare kwa mikono." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kule Industrial Area yanaingia maji ya Kitante, yale ambayo juu huko watu wanacheza gofu kando yake, na ya Lugogo, halafu yanapita mtambo wa majitaka wa Bugolobi mpaka kwenye mafunjo. Sasa hapo ndipo hasira ilinipanda. Yale mafunjo ndiyo yalikuwa yanachuja uchafu wetu wote bure, hayalipwi mshahara, hayagomi, na sisi tumeyafyeka tukapanda magimbi na miwa. Kinachobaki kinaingia ghuba ya Murchison, Ziwa Victoria, na kwenye mtambo wa Ggaba wanavuta maji ya bomba kutoka ghuba hiyohiyo. Yaani uchafu wa Owino unazunguka unarudi kwenye kikombe chako cha chai! Mtambo mwingine wa maji ya bomba ukajengwa mbali huko Katosi, Mukono, sawa, ila hilo ni sawa na mtu aliyechafua choo akahama nyumba.

Na mwaka 2025 wakaanza kuufunika tena kwa zege ili juu yake pawe na maduka. Watasema mjini kutapendeza, na harufu itapungua, haya nakubali, itapungua. Lakini mfereji ukishafunikwa nani atatoa kavera ndani? Ukiuita mto mtu angalau atauliza unatoka wapi na unataka upana gani mvua ikinyesha. Ukiuita mfereji, kila mtu anaona pa kutupia taka.

Shemeji amenunua matofali manne ya kuinulia katoni. Nimemwambia aongeze mengine, maana leo wingu limesimama tena upande wa Makerere.