Nani Alipie Ukuta? Michoro ya Mitaani na Ufadhili Dar es Salaam

Kuhusu michoro ya ukutani Dar es Salaam, ubishi mkubwa ni juu ya fedha. Wapo wanaoamini kwamba mchoro uliolipiwa na ubalozi, shirika au kampuni umeshageuka tangazo, na kwamba sanaa ya mitaani hubaki hai pale tu msanii anapochora bila kuagizwa. Wenzao hujibu kwamba rangi hainunuliwi kwa maneno.

Jibu hilo lina uzito. Katika jiji la pwani, unyevu na chumvi huinua plasta, na mchoro usiotanguliwa na kukwangua ukuta, kuziba nyufa na kupaka praima (rangi ya kwanza ya kushikilia zinazofuata) hubanduka mapema. Hapo hujahesabu jukwaa la kupandia, makopo ya rangi ya kupulizia na ruhusa ya mwenye ukuta. Anayetaka kijana abebe gharama zote hizo kwa jina la uhuru anamtaka aache kuchora.

Hata hivyo, fedha huelekeza mkono. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji ambaye mtindo wa Tingatinga umepewa jina lake, alianza kuchora mwaka 1968, akitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba, na wanunuzi wake wengi walikuwa wageni wa Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea na wanyama wa porini kwa kuwa soko liliwataka. Ni urithi ninaouheshimu sana, ila maisha ya jiji lenyewe yalipata nafasi ndogo ndani yake.

Sasa mtazame fundi wa mabango wa Manzese au Mbagala, ambaye naye hulipwa. Kinyozi akimwita, huanza kwa kugawa ukuta miraba kwa chaki, kisha huchora kichwa kimoja kimoja, akihakikisha mstari wa nywele juu ya paji umenyooka kama uliokatwa kwa wembe, huku wapita njia wakisimama kumkosoa pua na masikio. Mchoro huo ni tangazo, na bado ni sanaa ya mtaa kwa ukamilifu wake, kwa sababu anayelipa, anayechora na anayetazama wanapita njia moja. (Inauma kuona mabango ya kuchapishwa yakimnyang'anya fundi huyu kazi.) Kwa maoni yangu, tatizo la ufadhili ni umbali kati ya mlipaji na mtazamaji.

Picha za simu zimeuongeza umbali huo, maana ukuta huanza kupangwa kwa ajili ya watazamaji wa mtandaoni, na jina la msanii hukatwa pembeni ilhali Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa haki ya kutambuliwa. Lakini ukuta ukivunjwa, picha ndiyo inayobaki.

Naunga mkono ufadhili, mradi rasimu ibandikwe kwanza kwenye ofisi ya serikali ya mtaa na wakazi wasikilizwe. Nitaambiwa kwamba wakazi watataka wachezaji wa Simba na Yanga tu. Wachague, kwani ukuta ni wao. Majaribio ambayo mtaa haujayaomba yana pa kufanyiwa, kama vile Nafasi Art Space ya Mikocheni, ambayo tangu mwaka 2008 imekuwa ikiwapa wasanii karakana na mahali pa kuonyesha kazi zao.