Mbona anamwambia anayoyajua?

Nakala ya Barua Ndefu Kama Hii inayozunguka katika kikundi chetu cha usomaji imechoka. Jalada limeungwa kwa gundi, na ukingoni mwa kurasa kuna maandishi ya penseli ya mtu aliyeisoma kabla yetu. Mahali pamoja amepiga mstari mara mbili na kuandika: "Lakini mwenzake si anayajua haya yote!" Tulipokutana kuijadili riwaya hiyo ya Mariama Bâ, mwenye penseli alikuwa na wafuasi wengi kuliko mwandishi.

Malalamiko yao ni haya. Ramatoulaye, mwalimu wa Senegal, amefiwa na mumewe Modou. Yuko edani, na anafungua daftari kumwandikia Aissatou, rafiki yake tangu utotoni. Jina ni barua, lakini umbile lake ni shajara: anaandika siku kwa siku, akirudi nyuma na kusonga mbele, huku bahasha haionekani. Na anamsimulia Aissatou ndoa ya Aissatou mwenyewe: jinsi mama mkwe alivyomletea Mawdo, mume wa Aissatou, mke wa pili, jinsi Aissatou alivyofungasha akaondoka na wanawe. Kuna barua ambayo Aissatou alimwachia mumewe siku hiyo. Ramatoulaye anainakili yote na kumrudishia aliyeiandika. "Nani humwandikia mtu barua yake mwenyewe?" akauliza mwenzetu mmoja, mwalimu wa sekondari, na wengi wakaitikia kwa vichwa.

Kutoka hapo lawama zikaenea kwa riwaya zote za shajara. Mhusika anaandika mazungumzo marefu neno kwa neno, kana kwamba alikuwa na kinasa sauti mfukoni. Anaandika akiwa mgonjwa, akiwa amepigwa, akiwa gizani. Waliosomea Kenya waliongeza la darasani: shajara inafundishwa kwenye insha kuwa ina tarehe na maelezo mafupi ya mwandishi kwa nafsi yake, sasa hizi sura ndefu zenye mandhari na tamathali ni shajara gani? Hoja hizi nazichukulia kwa uzito. Msomaji anayesema "hapa nimeona mkono wa mwandishi ukivuta kamba" anasema kitu cha kweli, na kuna vitabu vya namna hii ambavyo vimekufa kwa kosa hilo hilo.

Ila kwa Ramatoulaye nadhani tunamkosea, na tunamkosea sisi ambao tulipaswa kumwelewa kuliko wasomaji wengine wote, kwa sababu eda tunaijua.

Shangazi yangu alipofiwa alikaa chumba cha uani miezi minne na siku kumi. Nilikuwa napeleka chai. Kila mgeni aliyeingia, hata jirani aliyekuwapo hospitalini usiku ule wa mwisho, alivua viatu, akaketi ukingoni mwa mkeka, akapewa mkono. Kisha shangazi akaanza upya. Marehemu alivyoamka asubuhi. Alivyosema uji una moto. Alivyoomba kanzu ya bluu badala ya nyeupe. Jirani yule alikuwa ameisikia habari ya kanzu pengine mara sita, na aliitikia kila mara kama ndiyo kwanza anaisikia: "Ya bluu!" Hakuna aliyemwambia shangazi kwamba wageni wanayajua hayo. Masimulizi ya msibani hayapimwi kwa upya wa habari. Mfiwa anasimulia ili kilichotokea kipate mahali pa kukaa, na msikilizaji anayekifahamu ndiye anayemfaa, maana hataanza kuuliza maswali.

Ramatoulaye yuko ndani ya siku hizo hizo za eda. Ana watoto 12, na kabla ya kufiwa alikuwa ameachwa: baada ya miaka 25 ya ndoa Modou alimwoa Binetou, msichana aliyekuwa rafiki wa binti yao Daba. Habari aliletewa na wanaume watatu, imamu, shemeji yake na Mawdo, waliozunguka kwa maneno ya majaaliwa mpaka yeye akadhani mumewe amefikwa na mabaya. Walipolitoa la ndoa akajikaza, akatabasamu, akawashukuru. Hakupiga kelele wala hakuondoka. Modou hakurudi tena nyumbani, lakini Ramatoulaye alibaki kuwa mkewe mpaka siku ya msiba.

Sasa irudie ile barua iliyonakiliwa. Aissatou aliondoka, Ramatoulaye alibaki. Anapoinakili barua ya kuaga ndoa, mstari kwa mstari, anaandika kwa mkono wake barua ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kumwandikia Modou, na sasa hawezi tena, maana Modou yuko kaburini. Ukurasa uliomuudhi mwenye penseli ndio ukurasa mzito kuliko yote kitabuni. Fikiri kama Bâ angemsikiliza akaiondoa barua ile, akaweka sentensi moja ya "unakumbuka ulivyomwandikia Mawdo": uhalisia wa barua ungepona, na mwanamke huyu tungemkosa. Tena mwishoni tunaambiwa Aissatou anawasili kesho. Daftari halina haja ya posta. Tangu mwanzo Aissatou amekuwa yule jirani wa ukingoni mwa mkeka.

Lile la pili, la mtu kuandika katika hali asiyoweza kushika kalamu, linamhusu zaidi Ferdinand Oyono wa Kameruni na riwaya yake ya 1956, ambayo kwa Kiswahili tuliipata kwa jina la Boi. Hapa mwandishi alijikinga kidogo. Msimuliaji, Mkameruni aliyekuwa likizoni Guinea ya Hispania, anamkuta mtu wa kwao anakata roho, na kwenye mzigo wake kuna madaftari mawili yaliyoandikwa Kiewondo, lugha ya kwao Kameruni. Tunachosoma ni tafsiri yake. Pengine mkono uliorefusha mazungumzo ni wa huyu mfasiri. Lakini sitaki kumtetea Oyono kwa ujanja huo, kwa sababu kitabu kina nguvu nyingine.

Toundi, mwenye madaftari hayo, boi wa Komandanti, mtawala wa kikoloni wa Kifaransa, anaingia kumpelekea bwana wake kitu bafuni na kuona kwamba hajatahiriwa. Anaiandika kwa nafuu, karibu kwa furaha: tangu siku hiyo hatamwogopa tena. Mtu anayesimulia maisha yake kutoka mwisho angetuonya hapo, angesema laiti ningejua. Toundi hana "laiti". Anaandika akiwa boi aliyejua siri, kisha anajua na siri ya mke wa Komandanti na mkuu wa gereza, na kila anachokijua kinamsogeza karibu na kipigo. Kalisia, mtumishi mwenzake, anamwonya aondoke mapema, na hata onyo hilo analiandika kama jambo la siku tu. Sisi tunajua tangu kurasa za mwanzo kwamba mwenye daftari amekufa. Yeye anafungua ukurasa mwingine. Nilipofika kwenye lile bafu niliweka kitabu chini, nikatamani kumfikia kijana yule nimfunge mdomo na macho. Sijui umbo lingine ambalo lingenifanya nitake hivyo, maana katika masimulizi ya kawaida anayesimulia tayari amefika ng'ambo.

Kuna lawama moja ambayo sikuweza kuijibu siku ile, na bado siwezi. Ilitolewa na binti mdogo kuliko wote kikundini. Alisema hamlaumu Ramatoulaye kwa kurudia. Anamlaumu kwa sababu Binetou hana sauti. Msichana wa shule anatolewa masomoni, anaozwa kwa mtu wa umri wa baba yake kwa tamaa ya mama yake, na yote tunayasikia kwa mwanamke ambaye ndoa hiyo imemuumiza. Ni kweli Ramatoulaye anamhurumia, anakiri kwamba alitolewa kafara. Lakini huruma ya mke mkubwa ni chumba chenye dirisha moja. Bram Stoker, katika riwaya yake Dracula ya mwaka 1897, alilikwepa tatizo hili kwa kuchanganya shajara na barua za watu kadhaa, na anapata picha pana. Anachopoteza ni ule ukaribu wa kukaa na mtu mmoja mpaka pumzi yake uijue.

Nilimwambia binti yule kwamba upande mmoja ndio gharama ya umbo hili. Akasema gharama hiyo ameilipa Binetou. Kisha akauliza kama kuna aliyewahi kuandika daftari la Binetou, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameliona. Nakala yenye penseli aliichukua yeye wiki ile, na alisema anataka kuisoma tena akitafuta kila mahali Binetou anapofungua mdomo.