Mtu wa kava

Kila kikundi cha asaimenti nilichopangiwa nilipokuwa chuo Iringa kilikuwa na mtu wa kava. Huyu hatafuti vitabu wala haandiki. Kazi yake ni kupanga majina na namba za usajili kwenye ukurasa wa kwanza, kwenda steshenari kuchapisha, kisha kukabidhi kwa CR, yaani kiongozi wa darasa, kabla ya saa kumi. Kwa kawaida anakuwa mvivu mwenye hela ya kuchapisha. Kwetu alikuwa mwenzetu mwenye ualbino na uoni hafifu, mtoto wa Tandahimba, na hakuwa mvivu hata kidogo.

Kiongozi wa kikundi nilikuwa mimi, kwa hiyo lawama hii naibeba mwenyewe.

Mambo yalikwenda hivi. Mwalimu anaweka slaidi ukutani, tunazipiga picha kwa simu, tunazirusha kwenye grupu la WhatsApp. Picha imepinda, imefifia, na kwenye kona kuna kisogo cha mtu. Mwenzetu alikuwa anaibandika simu karibu na pua ili asome mstari mmoja. Simu yake ilikuwa na programu ya kumsomea kwa sauti, ila ile ilisoma maandishi tu, picha ilikuwa haiziwezi. Akaomba kwenye grupu: "Jamani, mwenye zile noti kwa maandishi anitumie." Kimya. Wiki iliyofuata akaomba tena, mtu mmoja akamjibu kwa kidole gumba. Baada ya hapo hakuomba. Sisi tukaona tumepata suluhisho la kiungwana: "Kaka, wewe usijitese na haya mambo. Jina lako lipo."

Siku ya semina mwalimu akamnyooshea kidole yeye. Alisimama, akashika meza, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, mimi hii kazi sikupewa." Darasa likacheka. Nilichofanya mimi ni kudakia swali na kulijibu, tena vizuri, tukapata alama.

Muhula wa pili alama zangu za asaimenti moja hazikuonekana. Nilizunguka idarani siku tatu, mpaka ikagundulika kuwa namba yangu kwenye kava ilikuwa na tarakimu moja isiyo yangu. Sikumlaumu. Nilijiambia, macho hayo.

Nayakumbuka haya kila ninaposikia mtu anasema vyuo vyetu havina ubaguzi. Anachomaanisha ni ukabila, na hapo yuko sahihi. Yule mwenzetu wa kava tulimtania Umakonde wake, naye akatuambia Wahehe tufunge mbwa wetu, tukala ugali sahani moja. Hilo si jambo dogo. Limejengwa kwa miaka mingi ya kuwapeleka watoto wa Mtwara wakasome Iringa na wa Rungwe wakasome Tabora, na ya Kiswahili kilichotuweka sote chini ya mwamvuli mmoja. Lakini naona limetulemaza kidogo. Tukishajua hatugombani kwa makabila, tunadhani hesabu imefungwa, halafu hatuangalii nani hajaonekana darasani tangu Jumatatu.

Angalia ratiba tu. Huku Nyanda za Juu Kusini vyuo vingi vya binafsi ni vya makanisa: RUCU ni ya Wakatoliki, Chuo Kikuu cha Iringa ni cha Walutheri wa KKKT, TEKU kule Mbeya ni ya Wamoravian. Vyote vinapokea wanafunzi wa dini zote, na sijawahi kusikia mtu amekataliwa kwa ajili ya kanzu au hijabu. Ila mahali nilipowahi kufundisha kwa muda, nisipopataja, jaribio la somo moja lilipangwa Ijumaa saa saba mchana, muhula mzima. Hakuna aliyekusudia ubaya; aliyepanga hakuwa na sababu ya kuijua saa saba ya Ijumaa. Mwanafunzi mmoja wa Pemba alikuwa anamaliza maswali nusu saa kabla, anatoka mbio. Msabato naye ana Jumamosi yake. Kuhamisha jaribio kwenda Jumatano ni shilingi ngapi?

Hapa huwa najibiwa habari ya bajeti. Ndiyo, lifti ni ghali, na mkalimani wa lugha ya alama anahitaji mshahara. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010, majengo mengi yalikuwepo kabla yake. Naelewa. Nisichoelewa ni mteremko mzuri wa zege kwenye mlango wa utawala, uliopakwa na rangi ya njano, wakati darasa la mwenye kiti mwendo liko ghorofa ya pili na ghorofa haina lifti. Chini kuna madarasa matupu. Kubadilishana chumba ni kazi ya kalamu na dakika tano. Mteremko ule unanikumbusha kava letu: jina lipo.

Sitawaonea walimu. Mwenye darasa la watu mia tatu na kipaza sauti kinachokwaruza ana yake. Lakini kutuma noti kama faili la maandishi badala ya kuacha watu wapige picha ukuta, hilo linawasaidia wote mia tatu, hasa wale waliotoka shule za kata ambao Kiingereza cha mhadhara kinawapita kama basi la Dar lisilosimama Ipogolo. Na kwenye kazi za vikundi, kila mmoja asome kwa mdomo wake kipande alichoandika. Watu wa kava wataisha wenyewe, wavivu kwa waliovuliwa kazi.

Kuna kundi lingine naliwaza. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatishwa shule kwa ujauzito warudi. Waliorudi 2022 wakafuata mlolongo hadi kidato cha sita, hivi karibuni wanagonga hodi vyuoni, wengine na mtoto mgongoni. Hosteli zetu zina kanuni kuhusu jiko la umeme na wageni wa usiku. Kuhusu mama anayenyonyesha sijawahi kuona mstari.

Mwaka jana nilikutana na yule mwenzangu Mwanjelwa, Mbeya. Kofia pana, shati la mikono mirefu. Jua la huku linadanganya, baridi inakupiga nalo linakuunguza. Sasa ni mwalimu wa sekondari. Tukaingia kwa mama ntilie, chai na chapati, na baada ya kuzungukazunguka nikamwomba radhi kwa habari za kava na za siku ile ya semina. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa.

"Unakumbuka namba yako ya usajili ilivyokosewa, ukazunguka idarani siku tatu?"

Nikasema nakumbuka.

"Ile niliiona vizuri sana," akasema. "Niliikosea makusudi."